Miaka sita nakaa banda la uani Oysterbay, nafunga viyoyozi Masaki nzima: yajue ya ushuani kabla hujahamia (uzi mrefu)

#1 Fundi Baridi

Wakuu salaam.

Haipiti wiki mbili humu bila mtu kuuliza, "Nimepata kazi Masaki, kukoje huko, nitafute nyumba upande gani?" Wanaomjibu ni watu walioijulia Masaki sikukuu ya Idi pale ufukwe wa Coco, wamekaa juu ya boneti, mihogo mkononi. Leo mvua imenifungia ndani, simu ya kazi haijalia tangu asubuhi. Ngoja niandike mimi.

Mimi ni fundi viyoyozi, kwetu Mwananyamala, hapahapa Dar. Oysterbay nilihamia 2019, na kabla hamjaanza kuniomba mikopo: nakaa banda la uani. Nyumba kubwa yumo bibi mmoja mjane, mimi niko nyuma, chumba kimoja na choo cha nje, laki mbili na nusu kwa mwezi, umeme wa LUKU tunachangia, na kiyoyozi chake kikigoma natengeneza bure. Kazi hii inanipitisha milango ya nyuma ya rasi nzima, kuanzia daraja la Salenda mpaka hoteli ya Sea Cliff. Nimepanda mapaa ya mabalozi, nimelala chali chini ya majiko ya mahoteli. Sebule zao sizijui sana. Ninachojua ni joto linaingilia wapi na pesa inatokea wapi.

Jambo la kwanza, hii ni rasi, na ina migongo miwili isiyofanana. Dalali hatakwambia hilo.

Upande wa Toure Drive unatazama bahari kuu. Jua linachomoza usoni kwako, upepo unakuja wenyewe, kaskazi au kusi, hukosi kimoja. Usiku unalala na dirisha wazi kama nyavu zako nzima. Lakini upepo ule umebeba chumvi. Mashine ya nje ya kiyoyozi ninayofunga nyumba ya mstari wa mbele, miaka mitatu tu yale mapezi ya alumini yanapukutika kama biskuti. Vitasa, bawaba, nondo za dirisha, friji, vyote vinaliwa. Ukipewa nyumba inayotazama maji kwa bei ya kukushangaza, pita nyuma uangalie kutu kabla hujashangaa vizuri.

Upande wa Chole Road unatazama ghuba ya Msasani. Maji yametulia, boti zimeegeshwa, machweo ndiyo hayo mnayopiga picha pale Slipway. Ni pazuri kweli, sibishi. Sasa chukua ghorofa, lipe ukuta wa vioo, liangalizie magharibi, halafu kaa ndani saa kumi jioni mwezi wa pili. Nimefunga viyoyozi vitatu kwenye sebule moja na mama mwenye nyumba bado anajipepea na gazeti. Machweo ya huko ninayalipa mimi kwa jasho, yeye kwa LUKU.

Nyumba za zamani hazikuwa hivyo. Mwingereza alipoigawa Dar kwa kanda, huku alijiwekea mwenyewe: uzunguni, nyumba moja moja katikati ya bustani. Uhindini ikawa katikati ya mji, Waafrika wakapelekwa Kariakoo na Ilala. Ubaguzi mtupu, ila wachoraji wao hawakuwa na umeme wa kuchezea, kwa hiyo walimsikiliza upepo. Hii ya bibi yangu: vyumba vimepangwa mstari mmoja, dirisha mbele na dirisha nyuma, upepo unaingia huku unatokea kule. Dari juu, paa la vigae, baraza pana linalozuia jua lisifike ukutani. Bibi ana kiyoyozi kimoja tu, chumbani, na anakiwasha mgeni akija. Nikimweleza anacheka: "Mwanangu, wewe utakufa njaa kwangu."

Na nyuma ya kila nyumba ya aina hiyo waliweka banda la watumishi, chumba kidogo, dirisha dogo, mgongo umepewa upepo. Ndimo ninamoandikia uzi huu. Nina feni mbili.

Kodi. Huku bei ilizoea kutajwa kwa dola. Kanuni za 2025 zimekataza kutangaza bei au kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mkataba wako unatakiwa usome shilingi. Ninachokiona mimi: wengine wameandika shilingi kweli, wengine wanakutajia shilingi huku wakichungulia simu kuona dola imefika ngapi. Soma kipengele cha kupandisha kodi mara mbili kabla ya kusaini.

Maji yapo lakini kila mtu ana simtanki na pampu, na siku yakikatika utasikia maboza yanakoroma mitaani tangu alfajiri. Umeme ukikatika, sekunde kumi tu majenereta yanaitikiana mtaa mzima. Uliza jenereta la jengo linawasha nini. Majengo mengine linawasha taa za korido na lifti basi, wewe na samaki wako kwenye friza mtajuana.

Msosi. Hapa nitakaa kidogo.

Coco mnaijua, mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili ya maji, na dafu la kushushia. Ushauri wangu ni mmoja: nenda siku ya kazi saa kumi na moja jioni, muulize muuzaji mafuta ameyabadilisha lini, akinuna hama meza. Kuoga nenda maji yakijaa. Yakipwa, hasa bamvua, pale ni mawe na miba ya bahari tu, utarudi unachechemea.

Mahoteli na migahawa ya Masaki mingine ni mizuri kwelikweli. Karambezi pale Sea Cliff umekaa juu ya jabali, bahari chini yako, na Bongoyo unaiona kule ng'ambo. Ukinunua kahawa moja ukakaa masaa mawili hakuna anayekufukuza. Kunguru watakuibia kipande cha mkate, hao wana haki zao.

Ila nikwambie nilichokiona kwa macho ya fundi. Saa nane mchana, wateja wakishapungua, wapishi wa migahawa hiyohiyo wanavua makoti meupe wanatokea mlango wa nyuma, wanavuka barabara. Kuna mama ntilie chini ya mkungu, masufuria manne, benchi mbili. Wali, maharage ya nazi, mchicha, na kibua wa kukaanga. Mtu aliyetoka kumpangia mteja kamba wa elfu hamsini anakaa pale anakula kwa elfu tatu na anaomba ukoko. Nikaanza kuwafuata. Sasa kila jikoni ninapoingia swali langu la kwanza ni, "Nyie mnakula wapi?" Ramani yangu ya kula Masaki imetokana na swali hilo, na haijanilaza na njaa hata siku moja. Mama ntilie wa huku hawana vibao, na wanahamishwa kila mara. Ukiona bodaboda nane zimeegeshwa chini ya mti na hakuna abiria, umefika.

Maisha ya mtaa. Hapa ndipo watu wa uswazi tunapopata shida. Ukuta, waya wa umeme juu, geti, mlinzi. Hujui jirani. Anayejua ni mlinzi, yeye anajua nani kasafiri, nani kaachika, gari gani ni la mgeni. Walinzi wa mtaa wetu wana benchi lao chini ya mwembe na redio moja. Ukitaka kuwa mkazi wa Oysterbay, salimia benchi lile kila siku.

Mwaka juzi nilipigiwa simu usiku, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kiyoyozi cha sebuleni kinavuja, njoo haraka, watu wamejaa. Nilijua ni sherehe. Nafika, kumbe msiba. Baba mwenye nyumba amefariki jana yake. Hakuna turubai, hakuna viti barabarani, hakuna jiko la kuni, ila magari tu yamepangwa kama kawaida ya wikiendi. Nimepanda ngazi natengeneza kiyoyozi juu ya vichwa vya waombolezaji, chini yangu Qur'ani inasomwa kwa sauti ya chini. Niliporudi ndio nikamwambia bibi yangu. Amekaa naye mtaa mmoja zaidi ya miaka ishirini. Alivaa kanga akatoka usiku uleule, na mimi nyuma yake na tochi. Mlangoni walimuuliza yeye ni nani.

Karibuni kwa maswali. Mvua haijaacha.


#2 Kapuku wa Kimara

Nimekaa kwa kusubiri wajuzi. Wa kwanza.


#3 Ngisi Mkavu

Mtoa mada chai imezidi sukari. Chumbani kwa mabalozi wewe? Walinzi wa balozi wakuruhusu na bisibisi?


#4 Fundi Baridi

Mkuu Ngisi, nimeandika mapaa, sikuandika chumbani, soma taratibu. Na hata paa lenyewe unapekuliwa mpaka soksi, bisibisi zinahesabiwa ukiingia na ukitoka. Kuna siku niliacha moja juu, nilirudishwa kutoka kituo cha daladala kuja kuitafuta.

Walinzi hawalaumiki. Waliokuwepo 1998 wanaikumbuka Laibon Road. Ubalozi wa Marekani ulikuwa hapohapo Oysterbay siku ile bomu lilipolipuka, tarehe 7 Agosti, watu 11 walikufa upande wetu wa Dar. Bibi anasema mlango wake wa kabati ulifunguka wenyewe. Baada ya pale ndio ukahamia kule Old Bagamoyo Road.


#5 Shangazi wa Zamani

Mwanangu Fundi, umenigusa. Mimi nimekulia nyumba kama hiyo miaka ya themanini, baba alikuwa mtumishi wa serikali na nyumba ilikuwa ya serikali. Watu wanadhani Oysterbay imekuwa ya kishua tangu Adamu. Sisi tulikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa uani. Ndiyo, ng'ombe, Oysterbay! Mshahara ulikuwa hautoshi, sukari ya foleni, unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, kwa hiyo bustani ya Mwingereza tuliilima mihogo na mchicha, na banda analokaa huyu kijana kwetu lilikuwa la kuku. Jirani yetu mkurugenzi mzima alikuwa anakamua mwenyewe asubuhi kabla dereva hajaja. Majani ya ng'ombe tulikata kando ya Toure Drive.

Na majirani tulijuana sana, kwa sababu kila mtu alikuwa na kitu mwenzake hana. Huyu maziwa, huyu mayai, yule ana gari lenye mafuta. Ukuta hakukuwa na ukuta, ilikuwa michongoma. Watoto tulipita chini yake tumechanika magoti.

Kuta zilianza kupanda baadaye, mambo yalipofunguka. Halafu miaka ya mwanzo ya elfu mbili serikali ikauza nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakikaa humo. Wengi walionunua waliuza tena, na aliyeuziwa hakutaka nyumba, alitaka kiwanja. Kwetu sasa ni ghorofa tisa. Nikipita natafuta mwembe, siuoni.

Jingine: mnapokwenda kula huko Slipway na wageni wenu, wapitisheni na pale Morogoro Stores. Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru, ndipo alipoanza kutandaza picha zake 1968, anachora juu ya hadibodi kwa rangi za baiskeli. Miaka minne tu, 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumfananisha na mhalifu. Wanafunzi wa wanafunzi wake bado wapo hapo Oysterbay na ushirika wao, wanachora huku unawatazama. Mama yangu alikuwa na picha moja, tembo mwenye madoa. Aliuziwa kwa bei ya mkate, akailaza juu ya kabati la vyombo mpaka mchwa wakaila.


#6 Kunguru wa Posta

Shikamoo Shangazi. Hiyo ya ng'ombe nimeisoma mara mbili.


#7 Dada Mariedi

Shikamoo Shangazi, kaka Fundi pole na mvua.

Mimi ni beki tatu wa Masaki, najivunia. Nafanya kazi kwa Wazungu mwaka wa tano, ya kwenda na kurudi. Natokea Mbagala saa kumi alfajiri. Mnaosema Masaki kimya, nendeni mkasimame mwisho wa daladala saa kumi na mbili asubuhi muone watu wanavyoshuka: wapishi, wadada, watunza bustani, mafundi, wafagiaji. Jioni mto ule unarudi. Mchana sisi ndio Masaki.

Kaka Fundi kwenye chakula kaacha kitu kikubwa: samaki. Mama wangu wa kazini alikuwa ananituma supamaketi, samaki amelala kwenye barafu siku mbili, bei ya kuunguza. Siku moja nikamwambia mama, nipe hela hiyohiyo nikuletee wa Msasani. Kijiji cha wavuvi kipo palepale, dakika kumi kwa mguu kutoka kwenye maghorofa. Ngalawa zinaingia, mnada unapigwa chini. Nikarudi na changu watatu, jicho linang'aa, tui ya nazi, ndimu, na chenji juu. Tangu siku hiyo balozi wa samaki ni mimi. Hata rafiki zake wananitumia.

Mnaotaka kwenda: usinunue wa kwanza kuonyeshwa, finya tumbo, funua shavu liwe jekundu, na usiende umevaa miwani ya jua. Bei inapanda kwa miwani.

Mboga nanunua genge la Namanga. Embe, parachichi, hata yale majani yao ya kwenye saladi, wauzaji wanayajua majina ya Kizungu kuliko mimi.


#8 Kapuku wa Kimara

Bei inapanda kwa miwani 😂😂 dada umeua.


#9 Mzee wa Salenda

Naongezea la barabara, maana mtoa mada anatembea na pikipiki hajui shida za watu. Kabla ya 2022 kutoka Masaki kwenda Posta wote tulikuwa tunaminywa pale Salenda. Asubuhi unaweza kumaliza gazeti. Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa, kilomita moja na kidogo juu ya bahari kutokea pale Coco mpaka karibu na hospitali ya Aga Khan, mambo yakabadilika. Nyumba za kuanzia Kenyatta Drive zikapata thamani mpya, na kelele mpya.

Jioni daraja lenyewe limekuwa sehemu ya kutembea. Wa kukimbia, wa kupiga picha za uchumba, wa kuangalia bahari bila kununua soda. Nimefurahi kuona watu wa Kinondoni na Magomeni wanatembea pale kama kwao.

Kuhusu mvua: usiangalie nyumba ya Msasani wakati wa kiangazi. Kuna sehemu inaitwa Bonde la Mpunga, jina linajieleza. Majengo yamejaa, maji bado yanakumbuka mpunga wao.


#10 Mpangaji Ghorofa ya Saba

Naishi Masaki, jengo silitaji. Vyumba vitatu, bwawa la kuogelea, jimu, picha za tangazo zilikuwa kali. Mtoa mada amegusa kila kidonda changu. Dirisha la magharibi: ninalo. Jenereta la korido: ninalo. Bwawa lina maji ya kijani mwezi wa pili sasa, watoto wanalichungulia kama kisima cha mashetani.

Kinachoniuma zaidi ni sevisi chaji. Unalipa kila robo mwaka, ukiuliza inakwenda wapi unaambiwa "usimamizi". Kwa mnaonunua na siyo kupanga: ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, inawapa wamiliki wa jengo moja chombo chao cha kusimamia lifti, ngazi, paa na vinginevyo vya pamoja. Ulizeni kama jengo limesajiliwa hivyo na kama wamiliki wanakutana. La kwetu kila mmoja anamsalimia mwenzake kwenye lifti kwa kuangalia namba za ghorofa zikipanda.

Hiyo ya msiba imenikumbusha, ghorofa ya nne kulikuwa na harusi, tulijua kwa harufu ya pilau ndani ya lifti. Tulipanda na kushuka bure mara tatu.


#11 Njoro Boy

Wasee wa Bongo, niko Nairobi, hiyo story ni Kileleshwa na Lavington kabisa. Bungalow na miti zilienda, sasa ni ghorofa juu ya ghorofa, na maji ni ya lori. Tofauti ni nyinyi mko na bahari. Swali: hiyo mihogo ya Coco ni cassava ya kawaida ama ni spesheli? Cuzo wangu hawezi nyamaza kuihusu.


#12 Fundi Baridi

Ndugu Njoro, muhogo ni uleule. Kinachofanya kazi ni pilipili, upepo, na kwamba umekaa chini bila kulipia kiti. Ndiyo sehemu pekee ya rasi hii ambapo mwenye Range na mwenye miguu wanakula sahani moja, wanapigwa mchanga uleule.

Dada Mariedi, nimekubali. Samaki nimeiacha kwa sababu bibi yangu hanunui, analetewa. Kuna mvuvi mmoja mzee wa Msasani anamletea kila Ijumaa tangu mume wa bibi yu hai. Anagonga geti la nyuma, anakunywa chai kwenye baraza, wanaongea habari za watu waliokufa, anaondoka. Pesa siwaoni wakipeana. Nadhani wanahesabiana kwa mwaka.

Mpangaji wa Saba, kwa dirisha la magharibi usiongeze kiyoyozi kingine. Weka kizuizi nje ya kioo, siyo pazia ndani. Pazia la ndani linakuta jua limeshaingia sebuleni, unakaribisha mwizi halafu unafunga mlango. Hata chandarua cha kivuli kile cha kwenye vitalu vya miche, ukikitandaza barazani, kinasaidia kuliko mashine ya milioni mbili. Jengo wakikataa kwa sababu ya sura, panda mti kwenye chungu, mkungu unakua haraka. Natania. Nusu.


#13 Ngisi Mkavu

Narudi kuomba radhi, uzi mzuri. Swali la kweli: mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kukaa Masaki? Mimi nimepata kazi kwenye ofisi moja Haile Selassie Road, kutoka Goba kila siku nimechoka.


#14 Fundi Baridi

Anaweza, ila siyo kwenye matangazo. Njia ni tatu ninazozijua. Banda la uani kama langu, ambalo halitangazwi popote, unalipata kwa benchi la walinzi. Chumba cha Msasani kijijini au Mikoroshini, nyumba za kupangisha za kawaida kabisa, choo cha pamoja, redio za jirani, na kazini unatembea kwa mguu. Au mchangie nyumba watu watatu upande wa Namanga. Mimi ningekushauri Msasani. Kuna mtaa mle, kuna salamu, kuna mtu atakayejua ukiumwa. Usisahau Mwalimu mwenyewe alijenga Msasani.


#15 Dalali Mstaarabu

Habari za humu wakuu. Kwa wenye uhitaji nina nyumba na viwanja Masaki, Oysterbay, Msasani, Mikocheni. Udalali ni kodi ya mwezi mmoja tu, hela ya usumbufu wa kuonyesha sichukui kama wengine.

Kwa wawekezaji: kuna kiwanja cha moto Oysterbay, karibu eka moja, hati safi, umbali wa kutembea kwenda Coco. Kina nyumba ya zamani ya kuvunja, paa la vigae, baraza kubwa mbele. Miembe miwili, itatolewa. Kuna banda uani, mkaaji ataondoka bila shida. Ghorofa kumi inakaa vizuri kabisa. Familia iko tayari, watoto wako nje wanataka haraka. Njoo inboksi.


#16 Kunguru wa Posta

Jamani.


#17 Fundi Baridi

Dalali, geti la mbele ni la kijani limepigwa rangi nusu? Na mlangoni kuna mtungi wa maji umepasuka una ua la asumini?


#18 Dalali Mstaarabu

Mkuu karibu inboksi tuongee vizuri.


#19 Shangazi wa Zamani

Mwanangu, kabla ya kwenda inboksi kwa mtu yeyote, nenda barazani. Huenda na yeye hajaambiwa.


#20 Fundi Baridi

Nimetoka barazani sasa hivi.

Anajua. Anajua tangu Januari. Anasema hakutaka kunipa mawazo kabla ya msimu wa joto kuisha, maana ndio msimu wangu wa kazi. Watoto wamemtafutia ghorofa hukuhuku Masaki, upande wa Chole Road, ghorofa ya tano, kuna lifti. Ameshapelekwa kuiona. Nikamuuliza madirisha yanatazama wapi. Akasema, "Yanatazama jua linapozama, wameniambia ni pazuri."

Ijumaa nakwenda kupima. Nakisia kitakachomtosha ni kiyoyozi cha BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) elfu kumi na nane sebuleni, na elfu tisa chumbani. Nimeanza kutafuta chandarua cha kivuli. Mvuvi hajaambiwa bado, na pale mapokezi hawaruhusu samaki kupanda na lifti ya mbele, nimeshauliza.

Dada Mariedi, wewe jengo lenu mnapandishia wapi?


#21 Dada Mariedi

Ngazi za nyuma, kaka. Muda wa saa nane, mlinzi akienda kula.